Mashine Iliyojivua Gamba: Je, Yafaa Kununuliwa?

Mashine ya michezo ya video, ambayo wachezaji wengi wa Afrika Mashariki huiita kwa ufupi mashine ya gemu, ni kompyuta iliyoundwa kwa kazi moja kuu: kusoma gemu, kuichora kwenye skrini ya televisheni na kupokea amri za mchezaji kupitia pedi, yaani kile kifaa cha mkononi chenye vitufe. Tofauti na simu, ambayo mtengenezaji huibadilisha karibu kila mwaka, mashine ya gemu kwa kawaida hukaa sokoni miaka sita, saba au hata zaidi ya kumi bila kuongezewa uwezo, kwa sababu gemu inayotungwa kwa ajili yake inatakiwa ichezeke katika mashine zote za kizazi hicho, kuanzia ile ya kwanza kutoka kiwandani hadi ile ya mwisho. Hata hivyo, katikati ya maisha hayo marefu mtengenezaji hutoa mashine ileile ikiwa imejivua gamba: imekuwa nyembamba, nyepesi na mara nyingi nafuu, ilhali uwezo wake wa kuendesha gemu haujaongezeka hata chembe. Swali linalomkabili mnunuzi ni kama inafaa kulipia mashine ambayo ndani ni ya zamani na nje ni mpya.

Wahenga walisema kipya kinyemi kingawa kidonda, na biashara ya mashine za gemu imeujua ukweli huo kwa muda mrefu. Toleo jipya la mashine kuukuu halibuniwi ili kumpendeza mchezaji tu; kwanza hubuniwa ili kupunguza gharama za kiwanda. Yapo mambo ambayo faida ya kiwanda na faida ya mnunuzi hukutana, hasa joto na matumizi ya umeme, na yapo mengine ambayo kiwanda hupata nafuu kwa kumnyang'anya mnunuzi kitu alichokuwa nacho. Kwa hiyo anayetaka kupima thamani ya toleo jipya hawezi kutosheka na orodha ya vilivyoongezwa iliyoandikwa kwenye boksi, bali hana budi kutafuta orodha ya vilivyoondolewa, ambayo aghalabu haiandikwi popote. Mashine za PlayStation 2 na PlayStation 3 za kampuni ya Sony, ambazo bado zinauzwa na kuchezwa katika mitaa mingi ya Afrika Mashariki, zinafaa kuwa mfano mkuu wa hesabu hiyo.

Kwa nini kiwanda huunda upya kilichokwisha kuundwa

Kiini cha mashine ya gemu ni chipu mbili: prosesa, inayofanya hesabu za mchezo, na chipu ya picha, inayochora kila kinachoonekana kwenye skrini. Chipu hizo hutengenezwa kwa kuchora mamilioni ya swichi ndogo mno, zinazoitwa transista, juu ya sahani ya duara ya silikoni, kisha sahani hiyo hukatwa vipande vipande na kila kipande kikawa chipu moja. Gharama ya kuandaa sahani ni kubwa, iwe itatoa chipu mia moja au mia mbili, na kwa sababu hiyo kila kiwanda kinapojifunza kuchora transista ndogo zaidi, chipu ileile huchukua nafasi ndogo zaidi, sahani moja hutoa chipu nyingi zaidi na bei ya kila chipu hushuka. Udogo huo hutajwa kwa kipimo cha nanomita, ambacho ni sehemu moja ya bilioni ya mita.

PlayStation 3 ilianza kuuzwa Japani tarehe 11 Novemba 2006 ikiwa na prosesa iitwayo Cell, iliyotengenezwa kwa teknolojia ya nanomita 90 na yenye ukubwa wa takribani milimita za mraba 235. Kampuni ya utafiti ya iSuppli ilikadiria wakati huo kwamba vipuri na kazi ya kuiunganisha mashine moja viligharimu zaidi ya dola 800 za Marekani, ilhali dukani iliuzwa kwa dola 499 au 599 kulingana na ukubwa wa diski yake kuu, yaani hifadhi yake ya ndani. Kuuza kwa hasara namna hiyo si jambo geni katika biashara hii, kwa kuwa mtengenezaji hutegemea kurudisha fedha zake kupitia gemu, lakini hasara hiyo haiwezi kuvumiliwa milele. Prosesa hiyo ilipunguzwa hadi nanomita 65, kisha 45, na ilipofika hapo ukubwa wake ulikuwa umeshuka hadi takribani milimita za mraba 115, yaani karibu nusu ya ule wa mwanzo, bila kasi yake kubadilishwa.

Chipu iliyopungua ukubwa hivyo hutumia umeme kidogo zaidi, na umeme unaopungua ni joto linalopungua, kwa sababu karibu umeme wote unaoingia kwenye chipu hutoka ukiwa joto. Joto likipungua, chuma cha kupozea chipu kinaweza kuwa chepesi, feni ikawa ndogo, kifaa cha kugawa umeme kikapungua uzito na gamba la plastiki likabana. Umbo jembamba ambalo mnunuzi huliona dukani na kulihesabu kuwa pambo ni tokeo la mwisho la mnyororo mrefu ulioanzia kwenye transista, na kila pete ya mnyororo huo humpunguzia mtengenezaji gharama ya vipuri, ya boksi na ya nafasi ndani ya kontena.

Sura tatu za PlayStation 3

Toleo la kwanza la PlayStation 3, ambalo mafundi na wachezaji hulitambua kwa jina la "fat", yaani nene, lilikuwa na uzito wa kilo 5 na unene wa milimita 98. Toleo la pili, maarufu kwa jina la Slim, lilitangazwa katika maonyesho ya Cologne nchini Ujerumani mwezi Agosti 2009 na kuanza kuuzwa mwezi uliofuata kwa dola 299, likiwa na uzito wa kilo 3.2. Toleo la tatu, ambalo Sony haikulipa jina lake lakini watu wakaliita Super Slim, lilitoka mwaka 2012 na uzito wake ulikuwa kilo 2.1 tu. Matoleo yote matatu huendesha gemu zilezile kwa kasi ileile, na mtu aliyeketi mbele ya televisheni bila kuiona mashine yenyewe hawezi kutambua ni ipi inayochora picha anazozitazama.

Tofauti ya kwanza yenye uzito wa kweli ni umeme. Mashine nene za mwaka wa kwanza hutumia yapata wati 200 gemu inapochezwa, ilhali Slim hutumia karibu nusu ya hizo. Kwa mtu anayecheza nyumbani kwa saa mbili kila siku, upungufu wa wati 100 ni uniti sita tu kwa mwezi, uniti moja ikiwa ni wati 1,000 zilizotumika kwa muda wa saa moja, na akiba hiyo haitoshi kuwa sababu ya kununua mashine nyingine. Hesabu hubadilika katika banda la gemu, ambalo mashine zake huwashwa kutwa nzima na wateja hulipia kwa mchezo au kwa dakika: mashine moja inayofanya kazi saa kumi kwa siku huokoa uniti moja kila siku, na banda lenye mashine nne huokoa uniti 120 kwa mwezi. Mwenye banda anayenunua umeme kwa LUKU au kwa tokeni anaiona akiba hiyo mwenyewe kila anapoingiza namba kwenye mita.

Tofauti ya pili ni uhai wa mashine yenyewe. Ndani ya mashine nene, kati ya chipu na chuma cha kupozea, hupakwa pesti, yaani uji mzito wa kijivu ambao kazi yake ni kuziba nafasi ndogo za hewa ili joto lipite. Pesti hiyo hukauka kadiri miaka inavyopita, vumbi huziba mapezi ya kupozea, feni huanza kuvuma kwa nguvu zaidi na chipu hupanda joto, kisha hupoa mashine inapozimwa. Kupanda na kushuka huko kwa joto hutanua na kusinyaza viungio vidogo vinavyoishikilia chipu kwenye bodi, na pamoja na kuchakaa kwa baadhi ya vipuri vya kuhifadhi umeme, ndiko kunakohusishwa na ugonjwa uliozoeleka wa mashine nene: ikiwashwa hutoa taa ya njano kwa muda mfupi kisha hujizima. Fundi anaweza kuipasha bodi joto kwa upepo wa moto ikafufuka, lakini mara nyingi tiba hiyo hudumu kwa majuma au miezi michache tu. Slim na Super Slim, kwa kuwa chipu zake hutoa joto dogo, hupatwa na ugonjwa huo kwa nadra zaidi, na kwa mnunuzi wa leo jambo hilo lina thamani kuliko wembamba wa gamba.

Tofauti ya tatu ni namna diski inavyoingia. Mashine nene na Slim humeza diski kupitia mwanya wa mbele, kwa msaada wa mota na roda ndogo za mpira zinazoivuta ndani, na roda hizo zikichakaa diski hukwama au hutemwa nje. Super Slim imeachana na mtambo huo wote: mchezaji husukuma kifuniko cha juu kando kwa kidole, huiweka diski kwa mkono wake juu ya kitovu kinachozunguka, kisha hukirudisha kifuniko. Watu wengi walikiona kifuniko hicho kuwa cha bei nafuu, na kweli kilibuniwa kupunguza gharama, lakini kasoro yake na faida yake hutoka mahali pamoja. Mashine isiyo na mota ya kuvuta diski ina kitu kimoja pungufu cha kuharibika na hufunguka kwa urahisi pale lenzi ya kusomea diski inapohitaji kusafishwa. Kwa upande mwingine haiwezi kusukumwa ndani ya rafu finyu, kwa kuwa lazima pawepo nafasi ya mkono juu yake, na kifuniko kikishikwa kwa pupa kila siku na watoto wengi huanza kulegea.

Vilivyoondolewa kimyakimya

Upande wa pili wa hesabu huanza na gemu za kizazi kilichotangulia. Mashine za kwanza kabisa za PlayStation 3 zilizouzwa Japani na Marekani zilibeba ndani yake chipu za PlayStation 2, hivyo mwenye rundo la diski za zamani aliweza kuendelea kuzicheza katika mashine mpya. Mashine zilizoletwa Ulaya mwezi Machi 2007 zilibakiziwa sehemu tu ya chipu hizo, na sehemu iliyobaki ikaigizwa kwa programu. Mwishoni mwa mwaka huohuo lilitoka toleo lenye diski kuu ya gigabaiti 40 ambalo halikuwa nazo kabisa, na pamoja na hizo liliondolewa tundu la kadi za kumbukumbu, huku matundu ya USB yakipunguzwa kutoka manne hadi mawili. Slim na Super Slim zilifuata njia hiyohiyo. Zote husoma diski za PlayStation ya kwanza, lakini hakuna hata moja inayosoma diski ya PlayStation 2, na mtu anayeuza mashine yake nene ya mwaka 2006 ili anunue nyembamba hupoteza kitu ambacho hakikurudishwa katika toleo lolote lililofuata.

Slim ilipoteza pia uwezo wa kuwekewa mfumo mwingine wa uendeshaji, yaani programu kuu inayotawala mashine, kama vile Linux, ambao uliwawezesha baadhi ya watafiti kuziunganisha mashine kadhaa na kuzitumia kwa hesabu za kisayansi. Mnamo tarehe 1 Aprili 2010 sasisho la programu liliuondoa uwezo huo hata katika mashine nene zilizokuwa zimekwisha kununuliwa kwa sababu hiyo, na shauri lililofunguliwa na wanunuzi nchini Marekani lilimalizika kwa mapatano. Tukio hilo lilidhihirisha kwamba mashine iliyounganishwa na intaneti inaweza kupunguzwa baada ya kufika nyumbani, ingawa gamba lake halikuguswa.

PlayStation 2 nayo ilipitia njia kama hiyo kabla. Toleo lake la mwaka 2000 lilikuwa na unene wa milimita 78 na uzito wa kilo 2 na ushei, na nyuma yake lilikuwa na chumba cha kufungia diski kuu. Toleo jembamba la SCPH-70000, lililotoka mwishoni mwa mwaka 2004, lilikuwa na unene wa milimita 28 na uzito wa gramu 900, likaongezewa tundu la mtandao ambalo zamani lilinunuliwa peke yake. Chumba cha diski kuu kilitoweka, na wachezaji wa gemu ya Final Fantasy XI, iliyohitaji diski kuu, wakajikuta hawawezi kuicheza katika mashine mpya. Hadi leo fundi mwenye busara huithamini PlayStation 2 nene kwa sababu hiyo: lenzi ni kipuri kinachochoka mapema, na mashine yenye nafasi ya diski kuu ina njia nyingine ya kuendelea kufanya kazi lenzi inapokufa.

Mfano uliokithiri wa upunguzaji ni Wii Mini, ambayo kampuni ya Nintendo iliitoa nchini Kanada mwezi Desemba 2012 na nchini Uingereza mwaka uliofuata. Ilikuwa ndogo, yenye rangi nyekundu na nyeusi, na bei yake nchini Kanada ilikuwa dola 99, lakini haikuweza kuunganishwa na intaneti, haikusoma kadi ya kumbukumbu wala gemu za GameCube, mashine iliyoitangulia Wii. Aliyetaka gemu za diski tu alipata bei nzuri, na aliyedhani ananunua Wii kamili katika boksi dogo alinunua upungufu.

Toleo linaloponya na toleo linalougua

Si kila uundaji upya ni wa kupunguza tu. Xbox 360 ya kampuni ya Microsoft, iliyozinduliwa mwezi Novemba 2005, ilijipatia sifa mbaya kwa sababu ya duara la taa nyekundu lililowaka mbele ya mashine kutangaza kwamba imekufa. Ukubwa wa tatizo hilo uliilazimu kampuni mwezi Julai 2007 kurefusha dhamana ya mashine zenye hitilafu hiyo hadi miaka mitatu na kutenga zaidi ya dola bilioni moja kwa ajili ya matengenezo. Chipu zilipunguzwa hatua kwa hatua ndani ya gamba lilelile, na mwezi Juni 2010 likatoka toleo la Xbox 360 S, ambamo prosesa na chipu ya picha ziliunganishwa kuwa chipu moja ya nanomita 45, adapta ya umeme ikapungua na Wi-Fi, yaani intaneti isiyo na waya, ikawekwa ndani. Kwa mnunuzi wa Xbox 360, toleo jipya halikuwa suala la urembo. Lilikuwa tiba ya ugonjwa wa kuzaliwa.

Hata hivyo toleo jipya linaweza kuja na maradhi yake. PlayStation 2 nyembamba ilitolewa kifaa chake cha kugawa umeme na kupewa adapta ya nje, na mwezi Septemba 2005 Sony ililazimika kurudisha adapta zilizotengenezwa kati ya Agosti na Desemba 2004, ambazo zilikuwa milioni kadhaa, kwa kuwa zilipata joto kupita kiasi. Mwaka 2007 toleo la SCPH-90000 lilirudisha kifaa hicho ndani ya mashine, bila kuongeza unene wa kutajika. Mnunuzi anayengoja mwaka mmoja baada ya toleo jipya kutoka huepuka makosa ya aina hiyo, kwa sababu wa kwanza kununua ndio wanaoyagundua.

Matoleo mengine hayaonekani kwa macho kabisa. Mwezi Agosti 2019 Nintendo ilianza kuuza Switch yenye chipu mpya isiyotumia umeme mwingi, ndani ya gamba lisilotofautiana na la mwaka 2017. Betri ya mashine ya kwanza ilidumu kati ya saa 2.5 na saa 6.5 kulingana na gemu, na ya pili kati ya saa 4.5 na saa 9. Kilichozitenganisha mashine hizo ni namba ya modeli iliyoandikwa kwa maandishi madogo, HAC-001 kwa ya kwanza na HAC-001(-01) kwa ya pili, na mtu aliyechagua kwa kutazama umbo peke yake angeweza kulipa bei ileile na kuondoka na betri ya nusu muda.

Hesabu ya mnunuzi wa leo

Utengenezaji wa PlayStation 2 ulikoma mwanzoni mwa mwaka 2013, baada ya kuuzwa zaidi ya mashine milioni 155, na ule wa PlayStation 3 ulikoma mwaka 2017. Kwa hiyo anayezitafuta leo Kariakoo jijini Dar es Salaam au katika barabara ya Luthuli jijini Nairobi kwa kawaida hununua mashine iliyokwisha kutumika, na neno "jipya" kwake lina maana ya toleo la baadaye tu. Katika soko la namna hiyo umri una uzito sawa na umbo: Super Slim ya mwaka 2015 ina miaka tisa pungufu ya uchovu ikilinganishwa na mashine nene ya mwaka 2006, na pengo hilo la umri pekee linatosha kuipendelea pale bei zinapokaribiana.

Mahali mashine ilikotoka nako kuna maana. Japani hutumia umeme wa volti 100 na Marekani volti 120, ilhali Kenya, Tanzania na Uganda hutumia takribani volti 230 hadi 240, na mashine iliyoandikwa volti 100 peke yake ikichomekwa moja kwa moja ukutani inaweza kuungua papo hapo. Gemu za PlayStation 2 zilifungwa kwa maeneo, kiasi kwamba diski ya Ulaya haichezeki katika mashine ya Japani ambayo haijafanyiwa marekebisho, lakini gemu nyingi za PlayStation 3 hazina kizuizi hicho. Tena PlayStation 2 hutoa picha kwa waya wa AV wenye vichwa vya njano, nyeupe na nyekundu, ambao televisheni nyingi mpya hazina matundu yake, ilhali kila PlayStation 3, nene kwa nyembamba, ina tundu la HDMI. Gharama ya kigeuzi cha picha inapaswa kuhesabiwa kabla bei ya mashine haijaonekana nafuu.

Mpira wa miguu, ambao ndio moyo wa mabanda ya gemu, una kikomo chake pia. FIFA ya mwisho kwa PlayStation 2 ilikuwa FIFA 14 na Pro Evolution Soccer ya mwisho ilikuwa ya 2014. Kwa PlayStation 3 za mwisho zilikuwa FIFA 19 na Pro Evolution Soccer 2018. Hakuna gamba jipya linaloweza kusogeza mbele tarehe hizo, na mteja anayetaka vikosi vya msimu huu hatavipata katika diski rasmi za mashine hizo, hata mashine yenyewe ingekuwa safi namna gani.

Kwa kuzingatia hayo, wanunuzi hugawanyika katika makundi matatu. Asiye na mashine yoyote, na aliyeridhika na gemu za wakati huo, hufanya vyema kuchagua toleo la baadaye, kwa sababu halitamdai umeme mwingi wala fundi wa mara kwa mara, na hajawahi kuwa na vile vilivyoondolewa hata aviombolezee. Mwenye toleo la zamani linalofanya kazi vizuri hana sababu ya kulibadilisha. Fedha hizo zitamfaa zaidi zikitumika kusafisha vumbi, kubadilisha pesti na kununua diski kuu kubwa zaidi, kwa kuwa PlayStation 3 hukubali diski ya inchi 2.5 kama ile ya kompyuta mpakato. Mwenye toleo la zamani linalougua apime kwanza gharama ya fundi dhidi ya bei ya toleo la baadaye, isipokuwa kama mashine yake ni ile adimu inayosoma diski za PlayStation 2, ambayo inastahili kutibiwa kwa sababu haina mbadala.

Kanuni ya zamani kwamba anayesubiri hulipa kidogo nayo imeanza kuyumba. PS one, ile PlayStation ya kwanza iliyopunguzwa umbo mwezi Julai 2000, iliuzwa zaidi ya mashine milioni 28 kwa sababu ilikuwa ndogo na nafuu, na PlayStation 2 ilishuka kutoka dola 299 mwaka 2000 hadi dola 99 mwaka 2009. Lakini PlayStation 5 ilipopunguzwa umbo mwezi Novemba 2023, toleo lenye kisomea diski lilibaki kwenye dola 499 nchini Marekani, na lile lisilo nacho likapanda kutoka dola 399 hadi 449. Kupunguza nanomita kumekuwa kazi ghali, hivyo chipu ndogo haileti tena unafuu uleule, na kile ambacho kiwanda kilikuwa kikigawana na mnunuzi sasa hubaki kiwandani. Katika mazingira hayo wembamba wa mashine hauthibitishi lolote kuhusu thamani yake. Mnunuzi aigeuze, asome namba ya modeli na volti zilizoandikwa chini yake, kisha amuulize muuzaji ni kitu gani toleo la kabla lilikuwa nacho na hili halina, kabla ya kutoa fedha mfukoni.